Uyoga wa Kiki: Picha Kali, Kapsheni ya Kutuua

Najua mmezoea kuingia hapa kuangalia nani kaachana na nani, nani kanunua gari la mkopo akasema ni zawadi. Leo hamna. Leo nimekuja na uyoga. Ndio, uyoga. Na nimekuja nikiwa na hasira, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma, bando lenu halitapotea bure.

Tangu masika yaanze kuna fasheni mpya mjini. Ufukweni kumechosha, juu ya maghorofa kila mtu ameshapiga picha na juisi yake, sasa mastaa wamegundua msitu. Mtu anaamka Jumamosi, anavaa buti jipya, anaendesha mpaka Kisarawe, anaingia msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, na jioni tunaletewa picha kumi na mbili amechuchumaa pembeni ya uyoga. Wenye mfuko mnene wanafika mpaka Amani, kule Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Kapsheni ni ile ile: "Asili ni tiba."

Nasema mapema kabla machawa hawajaanza povu: sina ugomvi na mtu kwenda msituni. Nendeni. Heri huko kuliko kupiga picha kwenye gari la mtu. Ugomvi wangu ni uongo mnaorudi nao, kwa sababu safari hii uongo wenu umemfikisha mtu hospitali. Na mimi hapa, admini wenu, nilisaidia kuusambaza. Nitafika huko.

Kwanza tuupe msitu haki yake

Ukiingia msituni siku mbili baada ya mvua kubwa, ukaweka simu mfukoni kwa dakika kumi, ukainama, utashangaa mwenyewe. Kuna vikombe vidogo vya rangi ya chungwa na pinki vimekaa juu ya vijiti vilivyooza, vingine vina nywele ukingoni kama kope za bandia. Kitaalamu hao ni Cookeina. Kuna ule ambao ngozi yake ya nje inachanika na kujikunjua kama nyota ardhini, katikati umebaki mpira mdogo. Tone la mvua likiupiga unapuliza kama moshi. Huo moshi ndio mbegu zake. Kuna vingine kama viota vya ndege, ukubwa wa ukucha, ndani vina "mayai", na mvua ndiyo inayoyarusha nje.

Halafu kuna bibi harusi mwenyewe. Anatoka kwenye kitu kama yai jeupe, ndani ya saa chache ameshasimama na kushusha sketi ya wavu mpaka chini, halafu ananuka kama mzoga ili inzi waje wambebee mbegu. Kesho ukirudi ameshaoza. Hana meneja, hana filta, na shoo yake ni ya siku moja.

Na bingwa wetu wa Afrika ni uyoga wa kichuguu. Huu haujioteshi ovyo. Mchwa wanaulima chini ya ardhi, wanauletea majani na vijiti walivyotafuna, na wao wanaishi kwa hicho kilimo. Wanasayansi wanasema kilimo hicho kilianza hapa hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, binadamu hajafikiriwa. Zambia kuna aina yake, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1980, ambayo kofia yake inaweza kufika mita moja kwa upana. Mita moja, wadau. Huo unajikinga nao mvua.

Kwa hiyo vitu vya kupiga picha vipo, tena vya bure. Hakuna sababu yoyote ya kutudanganya. Ila mnatudanganya.

Dada yetu na kikapu chake

Sasa twende kwa dada yetu. Jina sitaji, na msilazimishe kwenye komenti. Ni wa filamu, ana wafuasi wengi kuliko wakazi wa wilaya kadhaa, na akipiga chafya watu wanaandika "ubarikiwe malkia".

Mwezi wa nne aliposti picha tatu. Ya kwanza yuko msituni, amepiga goti mbele ya gogo lenye uyoga mrefu mweupe umejipanga kama kwaya. Ya pili ameshika kikapu kimejaa uyoga. Ya tatu bakuli la supu. Kapsheni, kwa kifupi, ilisema hivi: kutoka msituni mpaka mezani, hakuna kemikali, hakuna dawa, na hata wewe huna haja ya kwenda mbali, masika haya uyoga uko mpaka nje ya nyumba yako, okota, osha, pika.

Picha zilikuwa kali. Nikazichukua, nikazirusha hapa hapa, na kichwa cha habari cha kumsifia kwamba anatufundisha maisha ya afya. Wengi wenu mlilaiki. Mimi nikaenda kulala.

Siku ya nne nikapata meseji kutoka kwa msomaji wetu mmoja wa Tabata. Nainukuu kwa ruhusa yake: "Kaka admini samahani, ule uyoga mlioweka wa yule dada ni aina gani? Niko hospitali na mdogo wangu, daktari anauliza wamekula nini."

Mdogo wake ana miaka 19, anaishi na wenzake wawili kwenye nyumba ya kupanga. Nyuma ya tenki la maji, kwenye majani, mvua iliotesha uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Unavutia kweli. Wakaangalia picha ya dada, wakaangalia uyoga, wakasema si ndio huu. Wakaukaanga na kitunguu, wakala na ugali. Saa mbili hazikupita, wote watatu wako chini, wanatapika na kuharisha mpaka wanashindwa kusimama. Jirani akaita bajaji. Walilala na dripu mpaka asubuhi ya pili.

Walipona. Namshukuru Mungu, walipona.

Lakini kaa na lile swali la daktari. "Ni aina gani?" Nikampigia meneja wa dada. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili nikamwambia kuna watu wako kwenye dripu. Akacheka kidogo, ile ya aibu, akasema: "Aaah kaka, ule wa kwenye kikapu si wa msituni. Tulinunua supamaketi. Ulikuwa wa picha tu."

Wa picha tu.

Yaani kikapu cha supamaketi, supu ya supamaketi, halafu anamwambia kijana wa Tabata aokote nyuma ya tenki. Yeye anajua anakula nini, ana risiti. Sisi ndio tunatumwa kubahatisha.

Nikaenda mwenyewe Kisarawe

Jumamosi iliyofuata nikapanda daladala mpaka Gongo la Mboto, nikaunganisha Kisarawe, nikatafuta mtu wa kuniingiza msituni. Nikapata mzee mmoja anayetembeza wageni. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha ya kwanza, ile ya gogo. Akaisogeza karibu na macho, akaguna.

"Mwanangu, hapa nilikuwepo. Huu uyoga niliung'oa mimi."

Akanieleza. Uyoga ule ulikuwa umeota kwenye kichuguu, sehemu yenye jua kali na vumbi jekundu, mpiga picha akasema panachafua nguo. Wakamwomba auchomoe, wakaupeleka kwenye gogo lenye kijani kizuri, wakausimamisha mmoja mmoja kwa vijiti vya kuchokolea meno. Kwenye video iliyorushwa, mzee amekatwa. Unaona mkono wake tu sekunde moja, anasogeza jani.

Akanionyesha kitu ambacho tangu siku hiyo kimeniharibia raha ya kuangalia picha za mastaa. Uyoga wa kichuguu una mguu unaoendelea chini ya udongo kama mzizi mrefu, unashuka mpaka kwenye shamba la mchwa. Hauoti juu ya gogo. Hauwezi. Kwa hiyo ukiona picha ya uyoga wa kichuguu umekaa juu ya gogo, ni sawa na kuona muhogo umening'inia kwenye mwembe. Kuna mtu kauweka.

Mtasema, sasa kuna ubaya gani? Ni urembo tu. Ubaya ni huu: mahali uyoga ulipoota ni nusu ya jina lake. Mzee haangalii kofia peke yake. Anaangalia umeota kwenye nini, chini ya mti gani, mwezi gani, mguu una pete au hauna, chini kabisa kuna kikombe au hakuna. Ukiuhamisha ili upate rangi ya kijani nyuma, umefuta taarifa zote ambazo zingemsaidia mtu kujua ni nini, halafu umewapelekea mamilioni ya watu picha ya uongo. Halafu ukaandika "okota".

Wenzake nao

Dada hayuko peke yake, tusimwonee.

Kuna kaka mmoja wa "maisha ya afya", misuli yote nje, ambaye picha za uyoga anazitumia kuuza unga. Anapiga picha uyoga mgumu uliojishikiza kwenye mti kama rafu, halafu chini anaandika unga wake unamaliza sukari, presha, nguvu za kiume na mikosi. Mikosi, wadau! Uyoga wa kwenye picha siyo uliosagwa, na chupa haisemi ndani kuna nini. Kaka, kama una dawa ya magonjwa manne, peleka kwa wanaopima dawa. Usiniletee mimi kwenye stori zako saa sita usiku.

Kuna ukurasa mwingine wa "uzuri wa Bongo" unaorusha uyoga wa bluu unaong'aa kama taa za disko, umeandikwa "Usambara usiku". Kuza picha uangalie. Kipepeo ana mabawa matano. Hiyo ni akili mnemba, haijawahi kukanyaga Muheza. Na msidhani ni utani usio na madhara: mwaka 2023 chama cha wapenzi wa uyoga cha New York, Marekani, kilitoa onyo kuhusu vitabu vya kutambua uyoga vilivyokuwa vinauzwa mtandaoni, vikiwa na dalili zote za kuandikwa na mashine. Mtu ananunua kitabu, anaingia nacho porini, na kilichoandikwa hakijawahi kuonwa na macho ya mtu.

Na kuna wale wanaozidisha rangi mpaka uyoga wa kahawia unakuwa mwekundu. Kwenye sura yako weka filta mpaka mama yako asikutambue, hiyo ni biashara yako. Kwenye uyoga, rangi ni kitambulisho. Umembadilishia mtu kitambulisho.

Majibu ya povu, kabla halijaja

Moja: "Ni wivu tu." Sawa, nina wivu. Dada ni mzuri na mimi napanda daladala. Kijana wa Tabata bado alitapika.

Mbili: "Mtu mzima ana akili zake, asile asichokijua." Kweli. Lakini nyie nyie mkilipwa kutangaza sabuni mnajisifu kwamba wafuasi wenu wanawaamini na wananunua mnachosema. Huwezi kuwa na ushawishi siku ya kulipwa, halafu siku ya dripu ukawa mtu wa kawaida tu aliyeposti picha.

Tatu, na hii ndiyo ninayoiheshimu: "Bibi zetu walikula uyoga wa porini na hawakufa." Ni kweli kabisa. Tabora, Iringa, Mbeya, huko kwenye misitu ya miombo, uyoga ni chakula cha heshima na ni biashara ya barabarani msimu wa mvua. Ila muulize bibi. Hakukuambia "uyoga ni salama". Alikuambia huu, wa chini ya mti huu, mwezi huu, na ule pale usiguse. Alijifunza akiwa mdogo, akitembea nyuma ya mama yake, miaka na miaka. Kwenye miombo aina nyingi za uyoga zimefungamana na miti fulani; nyuzi zake ziko kwenye mizizi ya mti, wanalishana. Bibi anaujua mtaa mzima. Wewe unajua picha.

Tena hata elimu ya bibi ina mipaka ya mahali. Mwaka 2015 kule Ujerumani wakimbizi kadhaa, wengi wao kutoka Syria, walilazwa baada ya kuokota uyoga waliodhani ni ule wa kwao. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajua uyoga, ila wa nyumbani. Ule wa ugenini unafanana nao na ni muuaji. Sasa kijana aliyekulia Tabora akifika Dar na kuona kitu kinachofanana na cha nyumbani nyuma ya tenki, yuko kwenye mtego huo huo.

Nne: "Uyoga wa sumu unajulikana." Haya, unajulikanaje? Watasema una rangi kali. Uongo; ule unaohusishwa na vifo vingi kuliko wote duniani ni wa kijani kilichopauka, na umesharipotiwa kwenye mashamba ya misonobari hapa hapa Tanzania. Watasema wadudu wakiula ni salama. Uongo, konokono hana ini kama lako. Watasema pika na kitunguu swaumu, kikibadilika rangi ni sumu. Uongo. Watasema chemsha sana. Uongo mbaya kuliko wote, kwa sababu sumu ya huyo muuaji haiondoki kwa moto.

Na nisikilizeni hapa kwa makini. Uyoga ule mweupe wa kwenye majani ya mjini, wenye magamba ya kahawia, unatapisha ndani ya saa moja hadi tatu. Unatesa, lakini mapema unajua umeharibu. Yule muuaji hafanyi haraka. Unakula jioni, unalala vizuri, unaanza kuumwa saa sita, kumi na mbili, wakati mwingine hata zaidi baadaye. Unatapika, unaharisha, halafu unapata nafuu. Unasema nimepona, unarudi kazini. Kumbe ini linakufa taratibu. Siku ya tatu au ya nne unarudi hospitali wa njano. Mmoja tu unatosha kumuua mtu mzima. Kwa hiyo ukishakula na kuanza kuumwa, kimbia hospitali, usisubiri kuona kama kutatulia, na kama kuna mabaki ya uyoga beba nayo. Usije na picha ya staa.

Kuna namna ya kufanya na bado mkapata laiki

Mzee wa Kisarawe alinipa somo, na mimi nawapa bure.

Acha uyoga ulipo. Lala chini, chafuka, simu ishuke usawa wa kofia. Piga kwa juu, piga kwa pembeni, halafu piga kwa chini, kwa sababu siri nyingi ziko chini ya kofia: kuna vikunjo, kuna vitundu, kuna miiba. Huwezi kupenya? Tumia kioo kidogo cha kujipodolea, kiweke chini, upige picha ya kwenye kioo. Weka sarafu ya mia mbili pembeni ili watu wajue ukubwa. Piga na mahali ulipoota, hata kama ni vumbi, hata kama ni mavi ya ng'ombe. Hiyo ndiyo stori yenyewe. Asubuhi mapema mwanga ni laini, huhitaji filta.

Na msije mkanilisha maneno kwamba kuchuma uyoga kunaua msitu. Uyoga ni kama embe. Mti wenyewe ni zile nyuzi zilizo chini au ndani ya gogo. Kuna utafiti wa Uswisi wa karibu miaka 30, uliochapishwa mwaka 2006, uliokuta kuchuma hakupunguzi uyoga wa miaka inayofuata. Kilichopunguza ni kukanyaga ovyo. Sasa fikiria msafara: staa, mpiga picha, mpambaji, mshika taa, chawa wawili, wote wamezunguka kichuguu kimoja nusu saa. Ningependa mchume mmoja kuliko mkanyage hivyo.

Kama kweli mnataka kujua mlichokiona, kuna programu ya iNaturalist, ya bure. Unaweka picha zako zote, wajuzi wa dunia nzima wanakusaidia kuutambua, na unaweza kuficha mahali kamili ili kundi zima lisiende kukanyaga. Lakini hata wao wakikupa jina, hilo ni jina la picha, sio ruhusa ya kula. Na kuna kitabu cha uyoga wa Tanzania cha mwaka 2003, cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na mtaalamu wetu wa mimea Leonard Mwasumbi, kinachoonyesha unaoliwa na wenye madhara. Mtu anayejiita balozi wa uyoga bila kukifungua, sijui ni balozi wa nchi gani.

La mwisho, na hili limeniuma kuliko la vijiti vya meno. Mtajeni aliyewaonyesha. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja alikusanya ua dogo la zambarau huku Tanga, likapelekwa Ulaya, likapewa jina lake, Saintpaulia, na leo linakaa kwenye madirisha ya nusu ya dunia. Nani alimpitisha njia za kule milimani? Jina lake hatulijui. Karne nzima na zaidi imepita, tumepata simu zenye kamera tatu, na bado tunamkata mzee wa Kisarawe tukabakiza mkono. Yule hakufanyiwa na mkoloni. Kafanyiwa na sisi, kwa makasi ya simu. Nilimuuliza kama alilipwa. Alilipwa, hana neno. "Ila wajukuu zangu waliitafuta ile video," akasema, "wakaniuliza babu mbona haupo."

Na mimi nimekosa

Nimalizie na mimi mwenyewe, maana nimewasema watu mpaka jasho. Ile picha niliirusha hapa. Sikuuliza ni uyoga gani, sikuuliza nani kaupika, niliona dada kapendeza na laiki zinaingia. Nimeifuta, lakini kufuta hakumfuti mtu dripu. Nimemwomba radhi yule dada wa Tabata na mdogo wake kwa simu, na leo naomba radhi hapa mbele yenu wote. Kijana alinijibu vizuri kuliko nilivyostahili. Alisema: "Kaka mimi nilijua nyie mmeshahakikisha."

Kuanzia leo, sheria ya ukurasa huu: picha ya uyoga inaruhusiwa, tena tuma, tutaziweka kila Jumapili mpaka masika yaishe. Ila iwe imepigwa ulipoota, haina rangi ya kupaka, imetaja aliyekuongoza kama yupo na ameridhia, na haina neno "kula" ndani yake. Staa au siyo staa. Ukituma ya kwenye gogo na mimi nikaona mguu wa kichuguu, nitakuanika.

Dada yetu, najua unasoma hapa, chawa wako watakupelekea. Sihitaji uniombe radhi mimi. Zile picha tatu bado ziko kwenye ukurasa wako mpaka naandika haya, na mvua bado inanyesha. Zitoe, au andika sentensi moja chini yake: "Ule wa kwenye kikapu ni wa supamaketi." Maneno saba. Hayatakupunguzia uzuri hata kidogo.

Haya, komenti ziko wazi, povu ruksa, majina marufuku.